Chakula cha Mashine

Harufu iliyonirudisha nyumbani haikuwa ya kahawa iliyokaangwa. Hiyo watu wa mijini huisifu sana, lakini mimi hainikumbushi utoto wangu hata kidogo, kwa sababu nyumbani kwetu, ambako kahawa ilijaa kila mahali, hatukuwahi kuinusa ikikaangwa. Kilichonirudisha ni uchachu. Nilikuwa napita nyuma ya soko la mji ninamoishi sasa, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mahali ambapo wauza matunda hutupa maganda na mabaki, nikakutana na ule utamu ulioanza kuoza, wenye ukali kama wa pombe changa. Nikasimama. Papo hapo nilikuwa kando ya kijito kilicho chini ya nyumba yetu, katika milima ya Umatengo upande wa Litembo, miguu imezama hadi vifundoni katika maganda mekundu ya kahawa, na masikioni mwangu gurudumu la mashine ya kumenyea likilalamika.

Waliokulia huko, ambao umri wao unakaribiana na wangu, hawatahitaji maelezo. Msimu wa kuchuma ulipofika, mlima mzima ulinuka hivyo. Nguo zilinuka, nywele zilinuka, hata vitabu vya nyimbo kanisani vilinuka, kwa kuwa mikono iliyovishika Jumapili ndiyo iliyomenya kahawa Jumamosi.

Mashine yetu ilikuwa ya chuma kizito cha kusubu, imefungwa kwa boliti juu ya gogo. Babu, ambaye sikumkuta, aliinunua kwa kuchangiana na ndugu zake enzi za Waingereza, nayo ikabaki kwetu kwa sababu kijito kilipita kwetu. Juu ilikuwa na mdomo mpana wa kutilia matunda. Ndani, ngoma iliyovishwa bati la shaba lenye vinundu. Pembeni, gurudumu na mkono wa kuzungushia. Matunda mekundu yaliingia juu, maganda yakatemwa upande mmoja, na punje zenye utelezi zikatoka upande wa pili. Ubavuni palikuwa na herufi zilizoinuka katika chuma chenyewe, jina la mji ambao hakuna mtu kwetu aliyejua kulitamka. Nilizipitia kwa kidole kabla sijajua kuzisoma kwa macho, na nilipouliza ni za nini, Baba alisema ni kwao mashine hiyo, Ulaya, ambako kuna mashine nyingine kubwa kuliko kanisa.

Kutokana na hayo nilijijengea elimu yangu ya kwanza kuhusu dunia, na sina budi kusema kwamba iliungana vizuri. Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa kahawa. Tulikunywa uji, na siku ambazo sukari ilipatikana tulikunywa chai. Hata hivyo tulichuma kahawa, tukaimenya, tukaivundika, tukaiosha, tukaianika juu ya vichanja, tukaichambua punje kwa punje, tukaijaza magunia, kisha Baba akayapeleka kwenye ghala la ushirika, lori likayabeba kwenda Songea, na kutoka Songea kwenda mahali ambapo hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kufika. Kiumbe pekee niliyemwona kwa macho yangu akiitia kahawa mdomoni alikuwa mashine. Nikahitimisha kwamba kahawa ni chakula cha mashine. Hiyo yetu, kwa kuwa ilikuwa ndogo na imeachwa kwetu kama ndama aliyeachwa kwa mfugaji, iliruhusiwa kutafuna ganda tu. Punje zilikuwa za mama zake walioko ng'ambo.

Shuleni nilipata uthibitisho. Mwalimu wetu wa historia alikuwa kijana kutoka Mbaha, pwani ya Ziwa Nyasa, mtu mwembamba aliyechora mishale ubaoni kana kwamba anapigana na ubao wenyewe. Mishale ilitoka Afrika kwenda Ulaya ikiwa imeandikwa pamba, katani, mpira, kahawa. Mingine ikarudi ikiwa imeandikwa nguo, majembe, bunduki.

"Hawakuja kwa sababu walitupenda," alituambia, "wala si kwa sababu walituchukia. Walikuja kwa sababu kiwanda kikikosa malighafi kinasimama, na kikisimama mwenyewe anafilisika. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu!"

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na kahawa, huko kiwandani inafanywaje?"

Alitazama mshale wa kahawa kwa muda. Kwao walivua samaki na kulima mihogo. Nadhani naye alikuwa hajawahi kujiuliza. "Inasindikwa," akasema, na kengele ikalia.

Hapo basi picha ikakamilika. Mashine zilipata njaa. Wenye mashine wakaja wenyewe kutafuta chakula, wakatutawala. Baadaye tulipojifunza kulima na kupeleka bila kusimamiwa, wakarudi kwao. Uhuru, kwa akili yangu ya wakati ule, ulikuwa mapatano: ninyi kaeni kwenu, sisi tutawaletea. Nimesoma vitabu vingi tangu siku zile, na vingine vilivyoandikwa na watu wenye sifa kubwa havikufika mbali zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata lori la ushirika halikuja.

Watu wazima walikuwa na maneno yao juu ya jambo hilo. Walisema ushirika umeishiwa, walisema serikali imeacha, walisema sasa ni soko huria na kila mtu anaruhusiwa kununua na kuuza. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya Mbinga yalianza kuwa na sabuni ya kuchagua, na mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mahindi yaliyovunwa. Mimi nilichoona ni magunia. Yalijaa chumba cha nyuma hadi darini, tukalala tumebanana chumba kimoja, na kila jioni nilipokuwa nikichota maji nilisimama kijitoni kusikiliza injini. Sikuogopa umaskini, kwa kuwa sikujua kwamba tulikuwa na kitu kinachoweza kupungua. Niliogopa kwamba huko ng'ambo mashine zimeanza kulia njaa, na wenyewe wanavaa viatu waanze safari ya kuja kwetu.

Siku moja gari la Mzungu lilipita barabarani, likielekea juu kwenye mradi wa maji. Nilikimbia hadi ukingoni mwa barabara, nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele: "Ipo! Kahawa ipo! Imejaa!" Yule mtu akatabasamu, akapunga mkono, akapita. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba nimeiokoa nchi kwa muda.

Aliyekuja hatimaye hakuwa Mzungu. Alikuwa Mzee Shaweji, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa pale Mbinga mjini, mtu wa asili ya pwani ambaye babu yake alifika Ziwa Nyasa na misafara na hakurudi tena. Sasa alikuwa na leseni ya kununua kahawa na lori la kukodi. Alikuwa mnene, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa, na mcheshi kiasi cha kuwafanya watu wasahau kwamba anafanya biashara. Alinunua magunia yetu yote palepale mlangoni, kwa bei iliyomfanya Baba azihesabu noti mara tatu. Kabla ya mwezi kuisha nyumba yetu ilikuwa na bati. Mvua ya kwanza ilipolipiga, tulilazimika kusemezana kwa kupiga kelele, nasi tukapiga kelele kwa furaha.

Hapo ndipo Baba alipouangalia mteremko wa Mama.

Mteremko huo ulikuwa juu ya nyumba, mkali kiasi kwamba mbuzi walipita kwa tahadhari, nao ulilimwa kwa ngolo. Asiyeijua ngolo afikirie sega la nyuki lililolazwa ubavuni mwa mlima: mashimo yaliyopangana, kila shimo limezungukwa na tuta, na ndani ya tuta zimefukiwa nyasi zilizofyekwa shamba hilohilo. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Kila shimo linapokea fungu lake, linalituliza, udongo unabaki. Wazee walisimulia kwamba watu walifikia ustadi huo walipobanana juu ya milima kwa sababu ya vita, kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupandishwa Songea. Wanaume hufyeka na kuzilaza nyasi kwa miraba, wanawake huchimba na kufukia. Kwa hiyo kufyeka kulikuwa kwa Baba, lakini mashimo yalikuwa ya Mama, na maharage na mahindi tuliyokula mwaka mzima yalitoka humo.

Baba alikwisha kuotesha miche ya kahawa kando ya kijito, chini ya kivuli cha migomba. Wakati wa kufyeka ulipokaribia, masika yakielekea ukingoni, alilitoa lililokuwa moyoni tukiwa tunakula. Alimwita Mama kwa jina la kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akisoma mbali, kama ilivyo desturi.

"Mama Otmari, mteremko ule mwaka huu tuupande kahawa. Umelala mno."

"Umelala?" Mama akauliza. "Ugali unaoumega hapo umetoka wapi?"

"Sijasema hautoi chakula. Nasema unatoa chakula tu."

"Chakula tu," Mama akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Tukiuza kahawa tutanunua mahindi."

"Kwa nani? Jirani naye anapanda kahawa, mwenzake wa ng'ambo ya kijito anapanda kahawa. Mahindi tutanunua kwa nani? Kwa Shaweji?"

"Shaweji mkimpa nafasi atawauzia hata mawe," alisema Bibi, mama yake Baba, ambaye alikula nasi na aliyekuwa na jino moja tu la mbele lakini hakukosa neno.

"Na wanawake wa Mbaha wakipanda huku na vikapu vya dagaa," Mama akaendelea, "wanataka maharage. Nimwambie mwenzangu aliyetembea kutwa nzima abadilishe dagaa zake kwa kahawa? Atazitia kahawa hizo wapi?"

Baba alikasirika kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu wa makelele. Alisema baba yake alikufa akiwa chini ya paa la nyasi, na yeye hataki kufa akiwa na bati tu la kuwaonyesha watu. Kwamba Otmari anasoma na mimi nitafuata. Kwamba fursa haigongi hodi kila msimu. Nilimwamini. Lakini zaidi ya kumwamini, nilikuwa na sababu yangu, na hofu ikanishinda adabu.

"Mama, kubali," nikasema. "Kahawa isipokuwa nyingi watarudi."

"Nani watarudi?"

"Wazungu. Mashine zao zikikosa kula watakuja wenyewe."

Baba akacheka hadi akaweka tonge chini.

"Mwache amalize, Baba Otmari," Mama akasema. Nami nikaeleza yote: ndama wa chuma, mama zake, mishale ya Mwalimu, Mzungu wa mradi wa maji. Mama hakucheka. Alimgeukia Baba. "Haya, mwelimishe mwanao. Huko inakokwenda inafanyiwa nini?"

Baba akajifuta mikono. "Wanatengeneza rangi. Ya buti za askari."

"Baruti," Bibi akasema. "Marehemu alisema baruti. Ndiyo maana vita ilipokuja waliitaka zaidi."

"Mapadre wa zamani waliinywa," Mama akasema kwa mashaka. "Ile ya kwenye kopo."

"Ya kopo ni unga mweusi. Yetu ni punje, na ni ya kijani. Na malori yote yale, Mama Otmari, yanywewe na nani? Ulaya kuna watu wangapi wenye kiu?"

Nimefikiri mara nyingi juu ya mlo ule. Watu watatu wazima, ambao kati yao walikuwa wamelima kahawa kwa muda mrefu kuliko umri wa taifa letu, ambao waliweza kuijua punje mbovu kwa kuigusa gizani, walikaa kuzunguka ugali mmoja wasijue kazi ya mikono yao inaishia wapi. Huo, nadhani, ndio ufundi mkubwa wa ulimwengu uliojengwa na viwanda na himaya: si kwamba ulimchukulia mtu jasho lake tu, bali ulinyoosha njia ya jasho hilo hadi mwenyewe asiweze kuona mwisho wake. Mvunaji hakumjua mnywaji, na mnywaji hakujua kwamba kuna mahali paitwapo Umatengo. Katikati palijaa magunia, meli na mishale.

"Basi," Mama akasema mwishoni. "Siku ya kufyeka, mteremko utaamua mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa ya ngokela, yaani majirani walikuja kusaidia kazi na Mama akawapikia na kuwatengea pombe ya mahindi. Asubuhi Baba alikuja na miche yake juu ya ubao, akaipanga kwenye ukingo wa shamba, majani yake yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Wanaume walisimama na nyengo zao za kufyekea, wanawake na majembe yao, na hakuna aliyeanza, kwa sababu hakuna aliyejua kama tunafyeka kwa ajili ya ngolo au kwa ajili ya miche.

Katika kusitasita huko akatokea Mzee Shaweji. Alipanda kwa miguu, matope hadi magotini, mwavuli mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Alikuwa anazunguka vijijini kuangalia jinsi kahawa ilivyozaa na kujihakikishia wakulima wake kabla wanunuzi wengine hawajamtangulia.

"Shikamoo, Mzee," tukamwamkia sisi watoto.

"Marahaba, marahaba. Jamani, huu mlima wenu! Mnalima au mnatundika?"

"Tunatundika," Bibi akajibu. "Njoo tukutundike na wewe, utakauka vizuri."

Alipoiona miche, uso ulimng'aa. "Ehee! Huyu ndiye mkulima. Panda yote, bwana. Mwaka keshokutwa nitaleta malori mawili."

Baba alimtazama Mama. Mama akanitazama mimi. "Muulize," akasema.

Nilimuuliza Mzee Shaweji, mbele ya watu wote, kama mashine za Ulaya hula kahawa kiasi gani hadi zishibe.

Alipoelewa swali, na ilibidi Bibi amfafanulie, alikaa juu ya tuta la zamani akacheka hadi kofia ikadondoka. Kisha akaona kwamba wengine hawacheki, kwamba kundi zima la watu wenye majembe linangoja jibu, na kicheko kikamwisha.

"Miaka yote hii," akasema, "hamjaonja?"

"Ushirika ulitaka yote," Baba akamjibu. "Tungeikaanga, tungeuza nini?"

Kumbe mtu huyu hakusafiri bila birika lake. Alilitoa kikapuni, la shaba, lenye shingo ndefu, pamoja na vikombe vidogo visivyo na mikono. Akamwomba Mama kahawa yoyote iliyobaki, chungu na kinu. Mama akaleta punje zilizoachwa wakati wa kuchambua. Zikatwangwa kutoa ganda jembamba katika kinu kilekile cha mahindi, zikapepetwa kwa ungo uleule wa maharage, zikakaangwa juu ya moto uliowashwa kupikia wafanyakazi. Ndipo kwa mara ya kwanza nikainusa ile harufu ambayo wengine huisifu. Punje zilitatarika, zikageuka kahawia, kisha nyeusi, moshi ukapanda mteremko, wanaume wakasogea. Zikatwangwa tena, zikachemshwa na kipande cha tangawizi kutoka mfukoni mwa mzee.

"Bismillahi," akasema, akanywa wa kwanza, akafumba macho.

Nilimwangalia kooni. Iliteremka. Hakufa, hakunguruma, hakutoa moshi. Alikuwa mtu wa kawaida anayekunywa kitu cha moto mvua ikitisha.

Vikombe vikazunguka. Baba alikunja uso, akajitahidi kuunyoosha kwa heshima. Jirani mmoja alitema, akaomba radhi. Bibi alimaliza chake, akanyoosha kikombe. Mama alikunywa kidogo sana, akakaa na ladha hiyo mdomoni kwa muda mrefu, akiwa anaupima ulimwengu wote uliokuwa upande wa pili wa gunia.

"Mzee Shaweji," akauliza, "mtu akinywa hii anashiba?"

"Ashibe? Hapana, mama. Kahawa haishibishi. Mtu anakula kwanza. Akishashiba ndipo anaagiza kahawa, anakaa, anazungumza. Ukiinywa na njaa inakukwaruza tumbo, mikono inatetemeka."

"Na huko Ulaya?"

"Hata huko. Wanakula kwanza."

Mama akakiweka kikombe chini juu ya tuta, taratibu, akihakikisha kimekaa sawa.

"Baba Otmari, umesikia wanywaji wa kahawa wanavyofanya. Kwanza wanakula. Mimi siwapingi. Na sisi tufanye kama wao: mteremko huu kwanza."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikashuka hadi kwa wanaume. Mzee Shaweji akajipiga paja. "Mama, umenifunga goli kwa mpira wangu mwenyewe."

"Na kipa ulikuwa wewe," Bibi akasema, akinyoosha kikombe tena.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mche mmoja, na nilimwonea huruma, maana niliona kwamba hakuwa na tamaa. Alikuwa na watoto. "Na hii je?" akauliza, si kwa ubishi.

Mama akamsogelea. "Kule chini mikahawa ya marehemu imezeeka, mingine haizai hata kikapu. Ng'oa iliyochoka, upande hii palepale. Nani amekukataza?"

"Zamani kung'oa mkahawa ilikuwa kesi."

"Siku hizi ruksa," Mzee Shaweji akasema, na safari hii hata Baba alicheka. Akaurudisha mche ukingoni pamoja na wenzake, akachukua nyengo, akakata shada la kwanza la nyasi. Majirani wakamfuata kwa mstari. Nyasi zikalazwa miraba kwa miraba kuelekea juu, na zilipokauka siku kadhaa baadaye wanawake walirudi na majembe, Mama akachimba shimo la kwanza.

Neno moja lazima nimwongezee Bibi. Siku ile alikunywa kila kilichobaki birikani, kisha akafanya kazi hadi jua linazama, akiwapita wasichana, akiwataka wamweleze kwa nini wanapumua kwa kelele. "Mmemtia mafuta kama lori," Baba alisema. Nilikuwa nimesimama karibu, na elimu yangu, iliyokuwa imeanguka asubuhi, ikasimama upya kwa umbo lingine. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za watu wa miji ile ya viwanda: jinsi walivyoamshwa na honi kabla ya mapambazuko, wanaume kwa wanawake na watoto wa umri wangu, wakaingia katika mvuke wa viwandani na kahawa ya moto tumboni badala ya chakula cha maana, ili macho yasifumbe mbele ya mashine. Hao hawakula kwanza. Mzee Shaweji hakuwajua. Sikuwa nimekosea sana, basi. Kahawa yetu ilikuwa imezifikia mashine, ila ilipitia kwanza kwenye makoo ya watu, na watu hao walikuwa na mama zao, na huenda nao walijiuliza kitu hiki cheusi kinatoka wapi. Tangu nilipolijua hilo sijaweza kuichora dunia kwa mishale peke yake. Mwisho wa kila mshale namwona mtu ameshika kikombe, amechoka, nami natamani kumwambia majina ya waliochambua.

Maharage yalikuwa yameota majani mawili mawili tu pale mvua ya mwisho ya masika ilipotujia, nzito, ya kutwa nzima. Ilipokatika nilitoka na Baba. Ng'ambo ya kijito, mahali ambapo jirani alikuwa amefyeka mteremko wake wote na kuchimbia miche, udongo ulikuwa umeshuka na kijito kilikuwa chekundu. Jirani alikuwa ameinama huko akiiokota miche yake, na Baba alimwita, akamwambia tutakwenda kesho kumsaidia. Kisha akageuka kuutazama wetu. Kila shimo lilikuwa na maji yake, yametulia, yakiakisi mbingu vipande vipande kutoka chini hadi kileleni, na hakuna tuta lililovunjika. Alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, kama asimamavyo kanisani.

"Mama Otmari!" akaita kuelekea jikoni. "Toka uje uone huku!"

"Nimeuona tangu siku niliyoolewa hapa," sauti ya Mama ikajibu, juu ya mlio wa mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. "Wewe njoo ule kwanza."